Kuwalea watafiti chipukizi wa sayansi ya kuzeeka Mwanza na Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa uzamili, madaktari tarajali, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wataalamu wa maabara ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakitujia Mwanza wakitaka kuingia katika utafiti wa kuzeeka. Yale yaliyorudiwa zaidi ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Utafiti wa kuzeeka unahusu nini? Je, si ndiyo kutibu wazee?

Ni kazi mbili tofauti zinazosaidiana. Tiba ya wazee humshughulikia mgonjwa aliye mbele ya daktari: bibi aliyeanguka bafuni, au babu anayemeza dawa za aina sita zinazogombana mwilini. Utafiti wa kuzeeka huuliza kwa nini bibi huyo ameanguka ilhali jirani yake, aliyezaliwa msimu uleule, bado anapalilia mihogo na kupanda mlima kwenda kanisani kila Jumapili.

Swali hilo lina milango mingi. Mlango wa seli ulifunguliwa kwa kishindo mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru, pale Leonard Hayflick na Paul Moorhead walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazooteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Mwaka 2013 kundi la wanasayansi lilipendekeza ishara 9 za kuzeeka kwa mwili, na mwaka 2023 wakaziongeza hadi 12. Mlango wa jamii nao ni mpana vilevile: nani anampikia mzee, nani analea wajukuu, fedha za dawa zinatoka wapi, na nini hutokea mvuvi asipoweza tena kuvuta nyavu. Mtafiti huchagua mlango mmoja wa kuingilia, lakini anatakiwa ajue kuwa milango mingine ipo.

Mtafiti chipukizi ni nani?

Kwa kawaida ni mtu aliye kati ya uzamili na miaka michache baada ya uzamivu, ambaye hajawahi kuongoza mradi wake mwenyewe. Wafadhili wengi huhesabu miaka tangu shahada ya mwisho, hawahesabu umri wa kuzaliwa. Muuguzi mwenye miaka 42 aliyemaliza uzamivu mwaka jana ni chipukizi kamili, wala asione haya.

Kwa nini tuhangaike na uzee katika nchi yenye vijana wengi kiasi hiki?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, sawa na asilimia 5.6 ya Watanzania wa wakati huo. Asilimia hiyo ni ndogo, lakini watu wenyewe walikaribia idadi ya wakazi wote wa mkoa wa Mwanza wa mwaka huo, na katika sensa ya 2022 nchi nzima ilikwishafikisha watu milioni 61.7. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, nayo inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Sera hiyo imewatangulia watafiti kwa miaka mingi, na huko nyuma nilikuwa nikiona aibu kulisema hili mbele ya wageni.

Kanda ya Ziwa ina sababu yake ya pekee. Huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2004. Aliyeanza dawa hizo wakati huo akiwa na miaka 40 sasa amevuka 60, naye ni mzee wa aina ambayo nchi yetu haijawahi kuwa nayo: ameishi na virusi na dawa kwa miongo miwili, na sasa shinikizo la damu na kisukari vinamfuata. Ongeza wale walioishi na kichocho tangu utotoni kwa kuoga, kufua na kuvua ziwani. Mwili uliopambana na vimelea kwa miaka 50 unazeeka kwa njia ipi? Hilo halijibiki kwa takwimu za Ulaya, na sisi tunaishi juu ya jibu lake.

Lazima niwe daktari?

Hapana. Tunahitaji wanatakwimu, wanasosholojia, wataalamu wa lishe, wafiziotherapia, wataalamu wa maabara, wauguzi na wanasheria. Daktari anayefanya utafiti wa wazee bila mwanatakwimu huishia kuwa na kabati lililojaa fomu.

## Kuanza

Nikiwa Mwanza, nianzie wapi?

Anza na kilichopo karibu, maana si kidogo. Hospitali ya Kanda ya Bugando inapokea wagonjwa kutoka mikoa yote inayozunguka ziwa tangu 1971, na chuo kikuu cha afya kilichopo hapohapo kinafundisha hadi ngazi za juu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Mwanza. Kwa wanaopenda sayansi ya jamii, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Malimbe.

Hazina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ipo Kisesa, mwendo mfupi mashariki mwa jiji kwenye barabara ya kwenda Musoma. Tangu 1994 wakazi wa kata hiyo wamekuwa wakifuatiliwa kwa awamu, hasa kwa ajili ya utafiti wa UKIMWI. Mtu aliyehojiwa mara ya kwanza akiwa na miaka 35 sasa ni mzee, na kumbukumbu za maisha yake ya katikati zipo. Chipukizi anayefikiria kuanzisha kundi lake jipya la ufuatiliaji ajiulize kwanza kama swali lake haliwezi kujibiwa na taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa jasho la wengine. Atahitaji kuomba ruhusa kwa utaratibu, na atajifunza uchambuzi kabla ya kutumia hata shilingi moja ya mafuta ya gari.

Mabingwa wa tiba ya wazee ni wachache mno nchini. Mlezi wa kitaaluma nitampata wapi?

Usitafute mlezi mmoja mwenye kila kitu, kwa sababu hayupo. Unda jopo dogo la watu watatu: mmoja anayejua somo la kuzeeka hata kama yuko mbali, mmoja anayejua mbinu za takwimu, na mmoja wa hapahapa anayejua njia za ofisi na za vijijini. Huyu wa tatu ndiye chipukizi wengi humsahau, na ndiye atakayekwambia kwamba mwezi wa kuvuna mpunga hutamkuta mzee yeyote nyumbani kabla ya saa kumi jioni.

Mlezi wa mbali anafaa kama mmekubaliana mambo kwa maandishi: mtaongea mara ngapi kwa mwezi, rasimu atairudisha baada ya siku ngapi, na jina la nani litatangulia kwenye chapisho. Nimeona urafiki mzuri ukiharibika kwa sababu makubaliano haya yaliachwa yajiendee yenyewe. Suala la majina limeelezwa zaidi katika sehemu ya mwisho.

Ufadhili upo wapi?

Kwa wanaosoma uzamivu wakiwa waajiriwa wa vyuo na taasisi za Afrika, mpango wa CARTA, ulioanza 2008 ukiwa na makao yake Nairobi na Johannesburg, umewalea wengi katika afya ya jamii. Kwa wanaovutiwa na ubongo na usahaulifu, Taasisi ya Afya ya Ubongo Duniani, GBHI, hupokea wanataaluma wa fani mbalimbali San Francisco au Dublin, wakiwemo wasanii na wanasheria. Kituo cha Fogarty cha Marekani, kilichoanzishwa 1968, kimegharimia mafunzo ya watafiti wengi wa nchi zetu kupitia vyuo vinavyoshirikiana. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu badala ya kumtegemea rafiki aliyefanikiwa miaka mitano iliyopita.

Andiko la mradi la chipukizi mara nyingi hukataliwa kwa sababu moja: linataka kufanya mengi. Miaka miwili, wilaya moja na swali moja vinatosha.

## Uwandani

Wazee wengi hawajui tarehe yao ya kuzaliwa. Nitapimaje kuzeeka ilhali sijui umri?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili. Ukichora chati ya umri uliotajwa katika kijiji chochote, utaona minara kwenye 60, 65, 70 na 75, na mabonde katikati. Watu hawadanganyi. Wanataja namba ya mviringo kama mtu anayekadiria uzito wa gunia. Wanademografia wana kipimo chao, kielezo cha Whipple, ambacho husomeka 100 pale ambapo hakuna upendeleo wa namba zinazoishia na 0 na 5, na 500 pale ambapo kila mtu ametaja namba hizo. Kokotoa kielezo hicho kwa takwimu zako kabla ya kitu kingine chochote. Ila fahamu kuwa kinatumia umri wa 23 hadi 62, kwa hiyo kwa wazee wenyewe itakubidi utazame chati pia.

Dawa yake ni kalenda ya matukio. Kwa ukanda wetu tunatumia mambo kama Uhuru wa 1961, maji ya ziwa yalipopanda kati ya 1961 na 1964, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Huulizi "ulikuwa na miaka mingapi." Unauliza alikuwa anafanya nini: alikuwa anachunga, ameshaoa, ana mtoto wa ngapi? Kuzama kwa MV Bukoba mwezi Mei 1996 kunakumbukwa na kila mtu, lakini sisi hatukuweki kwenye kalenda, kwa sababu nyumba nyingi za mwambao huu zilipoteza watu katika meli ile na si haki kuamsha kilio kwa ajili ya kujaza kisanduku cha umri.

Mfano mmoja. Mwaka 2019 mzee wa Ukerewe alituambia kwa uhakika kwamba ana miaka 60. Kijana aliyekuwa akijaza kishikwambi alikwishaandika 60 na kwenda swali linalofuata. Mwenzake akamuuliza babu habari za MV Victoria, meli iliyoanza safari 1961. Babu akacheka, akasema siku alipoiona mara ya kwanza alikuwa anatoka kuvua dagaa na baba yake, karabai bado iko mkononi, na kwamba mwaka huohuo alianza kulipwa fungu lake mwenyewe. Mtoto halipwi fungu. Hata tukisema alikuwa na miaka 14 tu, alizaliwa si baada ya 1947, na siku ile alikuwa na angalau miaka 72. Kosa la miaka 12 kwa mtu mmoja lingemfanya aonekane amechakaa kabla ya wakati wake, kumbe ni mzee mwenye nguvu kuliko rika lake.

Majina ya Kisukuma yanaweza kusaidia. Mtu aitwaye Nzala, yaani njaa, huenda alizaliwa mwaka wa njaa. Lakini majina hurithiwa pia kutoka kwa mababu, kwa hiyo yachukue kama dokezo tu.

Ni vipimo gani vya mwili ninavyopaswa kuvijua kabla ya kwenda uwandani?

Vinne vinatosha kwa kuanzia: nguvu ya kiganja, mwendo wa mita 4, kuinuka kitini mara 5, na shinikizo la damu la kukaa na la kusimama. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 kuhusu upungufu wa misuli unahesabu kuwa dhaifu mwanamume mwenye nguvu ya kiganja chini ya kilo 27 na mwanamke chini ya kilo 16, mwendo usiozidi mita 0.8 kwa sekunde, na anayetumia zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara 5. Namba hizo zimetokana na watu wa huko. Zitumie kwa kulinganisha, lakini toa pia mgawanyo wa namba zako mwenyewe, kwa sababu mkono wa mama aliyelima na kuchuma pamba miaka 40 una historia nyingine.

Usahihi upo katika mambo madogo. Kipimo cha kuinuka kitini kinadai kiti kimoja kisicho na mikono, kimo chake sentimita 43 hivi hadi 46. Ukikubali kutumia kiti cha kila nyumba, leo utampima mtu kwenye kigoda, kesho kwenye kochi linalozama, na tofauti utakazoziona ni za samani. Kwa hiyo tunabeba kiti chetu. Kijana wetu mmoja alizunguka vijiji vya Magu na kiti cha mbao kimefungwa nyuma ya bodaboda, na baada ya wiki ya pili watoto walikuwa wakipiga kelele, "Kiti kimekuja!" Chini ya miguu ya kiti weka ubao, kwa sababu ardhi ya kichanga hudidimia.

Shinikizo la damu lipimwe baada ya dakika 5 za kutulia, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, kisha mzee asimame na upime tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huyo yumo hatarini kuanguka, na hapo unaacha kuwa mtafiti kwa dakika chache ili uzungumze na familia yake.

Vipimo vya kumbukumbu vimetungwa kwa watu waliosoma. Nitumie nini kwa mzee asiyejua kuandika?

Usichukue kipimo cha kigeni kinachomtaka mtu achore saa au ahesabu kurudi nyuma kwa saba, kisha umtangaze kuwa amepoteza akili. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu hajapoteza uwezo wa kuchora, hakuwahi kufundishwa.

Kazi nzuri imefanyika hapahapa nchini, wilayani Hai, Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa huko 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu, na watafiti wa eneo hilo wakashiriki kutengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji karatasi wala kalamu. Ndani yake mzee hukumbuka maneno aliyotajiwa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hata hicho kijaribiwe upya Kanda ya Ziwa kabla ya kutegemewa, kwa sababu lugha na mazingira ni tofauti.

Nihoji kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani?

Mwache mzee achague. Wengi wanaelewa Kiswahili lakini maumivu, huzuni na ndoto huvieleza kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, irudishwe Kiswahili na mwingine asiyeona maandishi ya kwanza, kisha wazee wenyewe waisikilize. Na lugha yoyote itakayotumika, salamu kwanza. Kijana anayeanza na "Naomba namba yako ya kaya" kabla ya shikamoo atapata majibu, lakini hatapata ukweli.

Ridhaa hupatikanaje kwa mzee asiyesoma, au aliyeanza kusahau?

Asiyesoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiyehusika na mradi, huuliza maswali, kisha huweka dole gumba, na shahidi hutia saini. Haya yamo katika taratibu za maadili, na itifaki yako lazima ipite kwenye kamati ya maadili kabla ya kumgusa mtu yeyote. Mtafiti asiye raia huhitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Ugumu hutokea nyumbani. Mtoto mkubwa aliyerudi kutoka mjini husema, "Mama amekubali," na mama hajafungua mdomo. Mpe mwana heshima yake, mweleze kila kitu, kisha mgeukie mama na umuulize yeye. Kwa mzee mwenye usahaulifu, ndugu anayemtunza atatoa ruhusa, lakini mzee mwenyewe bado anaulizwa kwa maneno mepesi, na akigeuza uso au akivuta mkono wake, kipimo kinaishia hapo. Ruhusa ya ndugu haiufuti mkono uliovutwa.

Kuna hatari yoyote kwa wazee wanaotembelewa na watafiti?

Ipo, na chipukizi kutoka nje ya kanda hii sharti aijue. Katika Usukuma wanawake wazee wamewahi kushutumiwa uchawi, wengine wakauawa, na moja ya ishara zilizotajwa ni macho mekundu, ambayo kwa kweli hutokana na miaka mingi ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kwa sababu hiyo usiende na gari moja kwa moja hadi kwa bibi mmoja anayeishi peke yake ukaondoka bila kuzungumza na yeyote. Pita kwa mtendaji wa kijiji, eleza kwenye mkutano wa hadhara kwamba kaya zimechaguliwa kwa bahati nasibu, na tembelea kaya za jirani pia. Kama unapima macho, pima ya rika zote. Nalisema hili kwa mkazo kuliko jambo jingine lolote katika ukurasa huu.

## Uchambuzi na maabara

Nimepima watu wa miaka 50, 60 na 70 kwa siku moja. Je, nimeona kuzeeka?

Hapana, umeona vizazi vitatu. Mwenye miaka 70 leo alikulia njaa na shule chache, wakati mwenye 50 alipata chanjo na pengine shule ya msingi. Tofauti kati yao inaweza kuwa ya utoto wao kuliko ya umri wao. Tena wenye miaka 70 uliowapima ni walioponyoka, maana walio dhaifu zaidi wa rika hilo hawapo tena kuhojiwa.

Ndiyo maana sayansi hii inadai kurudi kwa mtu yuleyule. Utafiti wa Baltimore nchini Marekani umekuwa ukifanya hivyo tangu 1958, na bado unatufunza hata kwa makosa yake: wanawake hawakujumuishwa hadi 1978. Afrika Kusini, mradi wa HAALSI ulianza na watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi katika eneo la vijijini la Agincourt, na umeendelea kuwarudia. Huku kwetu gharama ya kurudi si fedha tu. Katika mradi mmoja niliowahi kufanyia kazi, ahadi ya kurudi baada ya mwaka haikutimizwa kwa sababu bajeti iliisha. Tulipokwenda hatimaye, mwaka wa tatu, mama mmoja alitukaribisha viti, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mlipotea." Alikuwa ametuwekea kadi yetu ya namba ndani ya Biblia muda wote huo. Tangu hapo siwaruhusu wanafunzi wangu kuandika neno "tutarudi" kwenye fomu kama fedha za kurudi hazijapatikana.

Ninapenda maabara. Je, kuna nafasi ya utafiti wa msingi huku kwetu?

Ipo, na baadhi ya viumbe wanaosaidia sayansi hii duniani ni wa bara letu. Samaki mdogo Nothobranchius furzeri wa madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji huzaliwa, hukomaa na kuzeeka ndani ya miezi 4 hadi 6. Fuko uchi wa Kenya, Ethiopia na Somalia, mwenye ukubwa wa panya, huishi zaidi ya miaka 30. Mwanafunzi wa uvuvi wa Kanda ya Ziwa anajua kufuga samaki kuliko wanabiolojia wengi wa Ulaya, na sioni kwa nini ujuzi huo usiingie kwenye maabara ya kuzeeka.

Kuhusu saa za kibiolojia zinazosoma alama za kikemikali kwenye DNA ili kukadiria umri, ile iliyochapishwa na Steve Horvath 2013 hutumia sehemu 353 za DNA. Inavutia, na ina manufaa hasa kwa nchi ambako umri wa kalenda hauna uhakika, lakini haiwezi kuaminiwa kwetu hadi ipimwe kwa watu ambao umri wao tunaujua kwa hati. Kwa hiyo swali la kalenda ya matukio linarudi hata ndani ya maabara.

Naweza kupeleka sampuli nje ya nchi?

Kwa mkataba wa kuhamisha sampuli ulioidhinishwa tu, na ridhaa ya mshiriki lazima iwe imelitaja jambo hilo. Taarifa binafsi nazo zina sheria yake ya 2022. Jiulize kwanza kama kipimo hakiwezi kufanyika hapa, na kama hakiwezi, andika kwenye bajeti nafasi ya wewe mwenyewe kusafiri na sampuli ili ujifunze kukifanya.

## Hali zisizo za kawaida

Mshiriki amefariki kati ya ziara mbili. Nifanye nini?

Usimfute. Kifo ni jibu, pengine jibu muhimu kuliko yote katika utafiti wa wazee, na ukiwaondoa waliofariki matokeo yako yataonyesha kijiji kinachozidi kuwa na afya. Rudi kwa familia baada ya matanga, toa pole na rambirambi kama desturi inavyotaka, na omba ruhusa ya mahojiano ya chanzo cha kifo siku nyingine. Anayehoji awe mtu mzima aliyefunzwa. Tusimtume kijana wa wiki ya kwanza.

Mzee ameniomba fedha za dawa. Je, nikimpa nitaharibu utafiti?

Mradi unapaswa kuwa umeamua hili kabla: aliyekutwa na shinikizo la hatari apelekwe wapi, kwa nauli ya nani, na nani atafuatilia kama alipokelewa. Wazee wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu katika vituo vya umma, na mara nyingi kinachokosekana ni barua tu, ambayo ofisa ustawi wa jamii anaweza kuiandika. Kumsaidia kuipata barua hiyo hakuharibu utafiti wowote. Kutoa fedha mfukoni kwa mmoja mbele ya wenzake, kwa upande mwingine, kutakuletea foleni usiyoweza kuihudumia, na wengine watakubali kupimwa wakitarajia kupewa.

Jina langu limeachwa kwenye chapisho la kazi niliyoifanya.

Limenipata mimi pia nikiwa kijana, na najua linavyouma. Kusanya kwanza ushahidi: rasimu zenye tarehe, daftari la uwandani, barua pepe. Mwandikie mwandishi mkuu kwa adabu, ukitaja sehemu ulizofanya, na umwombe marekebisho kabla ya kwenda kwa mhariri wa jarida. Kukusanya takwimu peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa uandishi, kwa hiyo tangu mwanzo omba kazi ya uchambuzi au kuandika sehemu fulani, na yaandikwe kwenye makubaliano yaliyotajwa katika jibu la mlezi.

Mlezi wangu amehama na mradi una mwaka mmoja tu. Nisimamishe?

Usisimamishe ziara. Wajulishe kamati ya maadili na mfadhili mapema kuhusu msimamizi mpya, na mpeleke huyo mpya uwandani angalau mara moja akasalimiane na washiriki. Wazee huwakumbuka watu kuliko taasisi. Kabla hujaenda naye, wapigie simu watendaji wa vijiji uwatajie jina lake, na ukifika, mtambulishe kwa kila kaya kabla hajauliza swali lolote.